Seli ya mmea, seli ya mnyama: tuulize muhogo mchungu

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja na daftari lake la baiolojia. Yuko kidato cha kwanza na kesho yake walikuwa na jaribio. Ukurasa mzima umechorwa jedwali la safu mbili, kushoto seli ya mmea, kulia seli ya mnyama. Ina ukuta, haina ukuta. Ina kloroplasti, haina kloroplasti. Ina vakuoli moja kubwa, ina vakuoli ndogo ndogo. Dogo anaghani kwa Kiingereza, macho kayafumba, kama anasoma kasida vile.

Nikamwuliza: "Na mitokondria je, mjomba, ziko upande gani?"

"Za mnyama hizo, mjomba," akanijibu bila kusita. "Mmea hauna. Mmea una kloroplasti."

Nikamwambia hapana, pande zote mbili zipo. Hapo ndipo akanifungulia ukurasa wa nyuma. Kumbe kwenye zoezi la wiki iliyotangulia aliandika hivyo hivyo, kwamba zipo pande zote mbili, na akawekewa X ya kalamu nyekundu! Shule siitaji. Mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha usiku naye ni binadamu. Lakini kosa hili nimelikuta hata kwa watu wazima wenye vyeti vyao, na ukiwasikiliza utaona wana hoja: mmea unapata nguvu kutoka kwenye jua, mnyama anapata kwenye chakula, basi kila mmoja ana kiwanda chake. Inaingia akilini kabisa. Tatizo ni kwamba si kweli.

Basi tukaacha daftari tukaenda jikoni, maana siku hiyo kulikuwa na muhogo na kisamvu. Naomba na wewe msomaji twende wote, kwa sababu muhogo, hasa ule mchungu, unalieleza lile jedwali vizuri kuliko jedwali linavyojieleza. Na wapo watu wa Tarime, Mtwara, Msumbiji na Kongo ambao miguu yao ilipooza kwa jambo linaloanzia ndani ya seli ya muhogo. Nitafika huko.

Tuanze na yanayofanana, kwa sababu ndiyo mengi. Seli ya jani la muhogo na seli ya ini lako zote zina utando unaochuja kinachoingia na kinachotoka. Zote zina kiini kilichobeba DNA. Zote zina ribosomu, vijikarakana vya kuunda protini, na mtandao wa njia za utando wa kuzipitisha protini hizo. Zote zina vifuko vya Golgi, ambavyo kazi yake ni kufungasha na kutuma mizigo; Mtaliano Camillo Golgi alivieleza mwaka 1898 akiwa anachunguza seli za neva za bundi, lakini hata mchicha unavyo. Ukimpa mtu picha ya hadubini ya vitu hivi peke yake, bila kumwonyesha pembeni mwa seli, atapata taabu kukwambia kama ni ng'ombe au ni nyasi aliyoila.

Halafu mitokondria. Humu ndimo sukari inapomaliziwa kuchomwa kwa oksijeni ili seli ipate nguvu ya kufanyia kazi. Kloroplasti haifanyi kazi hiyo. Kloroplasti inatengeneza sukari kwa mwanga wa jua, maji na hewa ukaa. Yaani kloroplasti ni shamba na mitokondria ni jiko, na mwenye shamba naye anapika. Usiku jua likizama mmea haufi. Na mzizi wa muhogo, uliofukiwa ardhini mwaka mzima bila kuona jua hata siku moja, unaishi kwa nini kama hauna mitokondria?

Tena ukimenya muhogo huo unakuta nyama nyeupe pee. Kloroplasti hamna! Hii ndiyo shida nyingine ya jedwali: linasema "seli ya mmea ina kloroplasti" kana kwamba kila seli ya mmea ni seli ya jani. Mzizi wa muhogo una ndugu wa kloroplasti, wanaitwa amiloplasti, vifuko visivyo na rangi vilivyojaa chembe za wanga. Huo wanga ndio ugali wenu. Na ni ndugu wa damu kweli, maana kiazi mviringo ukikisahau juani kinageuka kijani: baadhi ya amiloplasti zake zimegeuka kuwa kloroplasti. (Kiazi cha namna hiyo usikile, ule ukijani ni ishara kwamba sumu yake ya solanini nayo huenda imeongezeka.) Wewe na mimi akiba yetu ya sukari tunaiweka kwenye ini na misuli kama glikojeni, na hatuna kifuko cha aina hii.

Hapa kuna jambo dogo la pembeni, lakini siwezi kulipita. Ukoo huu wa kloroplasti na amiloplasti haukuishia kwenye mimea. Kijidudu cha malaria, ambacho si mmea hata kidogo, kinatembea na kifuko cha ukoo huo ndani yake, kimenyauka, hakina kijani wala hakitumii jua. Ni urithi wa mwani ambao babu zao wa zamani mno waliumeza. Wanasayansi walikitambua kifuko hicho kuwa ni cha ukoo huo katika miaka ya 1990, na dawa ya doxycycline inayotumika kukinga malaria inafanya kazi kwa kukihujumu. Kwa hiyo anayedhani habari za oganeli ni za kukariri tu, afikirie kidogo.

Turudi kwenye muhogo. Tofauti mbili ambazo dogo alikuwa nazo sawa kabisa ni ukuta na vakuoli, na hizi zinafanya kazi pamoja. Seli yoyote ya mmea, nje ya utando wake, imezungukwa na ukuta wa selulosi. Robert Hooke mwaka 1665 alipotazama kizibo kwa hadubini akaona vyumba vidogo vidogo, alichokiona ni kuta tupu, wenye nyumba walishakufa zamani. Ndani ya ukuta, seli iliyokomaa ina vakuoli moja, mfuko wa maji, ambao unaweza kuchukua asilimia 80 hata 90 ya nafasi yote. Mfuko ukijaa unasukuma ukuta, mmea unasimama. Ukipungua, mchicha unalala sokoni, na ndiyo maana muuzaji anaunyunyizia maji kila saa. Jaribu kunyunyizia maji kipande cha nyama uone kama kitasimama!

Seli ya mnyama haina ukuta, kwa hiyo haina wa kuizuia. Chembe nyekundu ya damu ukiitumbukiza kwenye maji matupu inavimba na kupasuka. Ndiyo sababu dripu ya hospitali haiwi maji matupu; ile ya chumvi ni asilimia 0.9, kipimo kinacholingana na damu.

Lakini vakuoli si tangi la maji tu, ni stoo pia. Kuna rangi humo, kuna chumvi, kuna taka. Vimeng'enya vya kumeng'enya mabaki, ambavyo mnyama anavihifadhi kwenye vifuko vinavyoitwa laisosomu (Mbelgiji Christian de Duve alivigundua mwaka 1955), mmea kwa sehemu kubwa unavitunza kwenye vakuoli. Na kwa mmea usioweza kukimbia panya wala nguruwe, vakuoli ni ghala la silaha.

Silaha ya muhogo inaitwa linamarini. Peke yake haina kishindo, ni sukari iliyofungwa na kitu kingine. Inakaa ndani ya vakuoli. Kimeng'enya cha kuifungua kinakaa nje, kwenye ukuta wa seli. Petroli chumba hiki, kiberiti chumba kile, na mlango umefungwa. Seli ikiwa nzima havikutani, kwa hiyo muhogo haujidhuru. Panya aking'ata, vyumba vinabomoka, vitu viwili vinakutana: linamarini inavunjika, na mwisho wa mlolongo huo inatoka sianidi. Sianidi ileile ya kwenye hadithi za kijasusi. Kitunguu nacho kina mpango wa aina hii, ila vyumba vimegeuzwa, kimeng'enya ndicho kilichomo kwenye vakuoli. Unayalipia machozi kila ukikikata. Seli ya mnyama hana ghala kama hili wala ukuta wa kuweka kiberiti.

Mihogo haiko sawa. Ule tunaouita mtamu una sumu kidogo kwenye nyama yake na nyingi zaidi kwenye ganda, ndiyo maana ukimenywa na kuchemshwa unaliwa bila matatizo. Viwango vya kimataifa vya chakula vinauhesabu muhogo kuwa mtamu kama una chini ya miligramu 50 za sianidi kwa kilo ya muhogo mbichi. Mchungu unaweza kupita 100, na wakati mwingine mbali sana. Wakulima wengi wanaupanda huo mchungu kwa makusudi, kwa sababu nguruwe, nyani na wezi hawausumbui, na wana njia zao za kuutoa sumu.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Wengi wanaamini moto ndio unaotoa sumu. Si hivyo! Linamarini inastahimili moto wa chungu. Kisichostahimili ni kimeng'enya. Ukichukua majani mazima ya muhogo au vipande vikubwa vya muhogo mchungu ukavitupa kwenye maji yanayochemka, unaua kiberiti mapema na petroli inabaki. Unakula linamarini nzima nzima, na tumboni kuna bakteria wenye vimeng'enya vya kuifungua. Ukitwanga kwanza, unavunja kuta na vakuoli, unavikutanisha vyumba vyote, sianidi inazaliwa pale pale kwenye kinu badala ya kuzaliwa ndani yako. Nayo haikai: inachemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, yaani kwa joto la Dar es Salaam inajiondokea yenyewe hewani. Kwa hiyo kisamvu kutwangwa kabla ya kupikwa si suala la ulaini tu. Mpwa wangu alishika mchi mwenyewe, nikamwambia hapo ulipo unabomoa kuta za seli, akacheka.

Kwa mizizi michungu, kuloweka siku tatu au nne kunafanya kazi hiyo taratibu. Bakteria wanachachusha, mzizi unalainika, kuta zinaachia, linamarini inakutana na kimeng'enya na nyingine inatoka na maji. Kukuna na kuchachusha, kama kwenye kivunde, ni nzuri vilevile. Makopa ndiyo yanayotia wasiwasi: ukimenya muhogo mchungu na kuuanika moja kwa moja juani, seli nyingi zinakauka zikiwa nzima, na bila maji kimeng'enya hakifanyi kazi. Unga wake unakuwa mweupe, mzuri, na sumu imo.

Sumu hiyo ikiingia mwilini inakwenda wapi? Kwenye mitokondria! Kile kitu ambacho dogo aliambiwa ni cha mnyama peke yake. Sianidi inang'ang'ania kimeng'enya cha mwisho kwenye mlolongo wa mitokondria, kile kinachoikabidhi oksijeni mzigo wake. Kikishikwa, jiko limezimika. Damu imejaa oksijeni, mapafu yanavuta hewa, lakini seli haiwezi kuitumia. Mtu anakosa hewa huku hewa anayo. Dozi kubwa inaua kwa muda mfupi. Dozi ndogo inaleta kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, udhaifu.

Je, mitokondria za muhogo wenyewe? Zina kimeng'enya hicho hicho na kinashikwa hivyo hivyo. Ila mitokondria za mimea zina njia ya pili, kimeng'enya kingine ambacho sianidi haikiwezi. Nguvu inayopatikana ni ndogo na nyingi inapotea kama joto, lakini jiko halizimiki. Zina pia kimeng'enya cha kuigeuza sianidi kuwa kitu cha kujengea protini. Yaani oganeli ni ile ile, jina ni lile lile, na tofauti iko ndani yake! Jedwali la safu mbili litaiweka wapi hiyo?

Sisi nasi hatukuachwa hivi hivi. Ndani ya mitokondria, hasa za ini, tuna kimeng'enya kinachoitwa rodanesi. Kinaibandika salfa kwenye sianidi, inakuwa thaiosianeti, kitu chenye sumu ndogo zaidi kinachotoka na mkojo. Salfa hiyo inatokana na protini tunazokula: samaki, nyama, mayai, kwa kiasi na maharage. Sasa fikiria mwaka wa ukame. Mahindi yamekufa, muhogo mchungu ndio uliobaki, mboga ya maana hakuna. Mwili unapokea sianidi nyingi na salfa ya kuitolea haupati. Na kwa sababu njaa haisubiri, siku nne za kuloweka zinakuwa mbili, au moja.

Hapo ndipo inapotokea konzo. Ni neno la Kiyaka la Kongo, lina maana ya miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika ugonjwa huu mwaka 1938, wakati Kongo ikiwa chini ya Wabelgiji. Mtu analala mzima, au anatoka kwenye safari ndefu ya miguu, ghafla miguu inakakamaa. Hazidi kuwa mbaya siku hadi siku, lakini haponi pia. Wanaopata zaidi ni watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Mwaka 1981 huko Nampula, Msumbiji, waliupata watu zaidi ya elfu moja. Kwetu ulionekana Tarime mwaka 1985, baada ya ukame, na ukarudi kusini, mkoani Mtwara, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Namna hasa neva zinavyoharibika bado inachunguzwa, ila uhusiano na muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha pamoja na uhaba wa protini umeonekana mara nyingi. Na hata pasipo konzo, sumu yenyewe inaua: Septemba 2017 wilayani Kasese, Uganda, watu 98 waliugua baada ya kula ugali wa unga wa muhogo mchungu, wawili wakafariki.

Sasa kuna kitu kizuri, na kinatokana moja kwa moja na habari ya vyumba vya seli. Mwanakemia Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia aliwaza hivi: unga wa makopa una linamarini na una kimeng'enya, vyote vimekaukia pamoja, kinachokosekana ni maji. Basi virudishiwe maji. Unatia unga kwenye beseni, unaweka alama ulipofika. Unaongeza maji huku unakoroga. Kwanza unga unashuka, halafu unapanda tena mpaka kwenye ile alama. Unautandaza kwenye mkeka, unene usizidi sentimita moja, unauacha saa mbili juani au saa tano kivulini. Sianidi inatoka inapeperuka. Kisha unasonga ugali siku hiyo hiyo. Sianidi kwenye unga inapungua mara tatu hadi sita. Njia hii ilianza kufundishwa kwa akina mama wa vijiji vya Popokabaka, Kongo, mwaka 2010, na pale ilipotumika wagonjwa wapya wa konzo waliacha kujitokeza. Haihitaji mashine wala mfadhili. Tahadhari tu: hii ni kwa unga, haichukui nafasi ya kuloweka muhogo mchungu, na kiwango cha kimataifa cha unga ni miligramu 10 kwa kilo, kwa hiyo unga uliojaa sumu sana unaweza kupungua mara tatu na bado ukavuka.

Tulipomaliza kula dogo akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Sasa mjomba, kesho niandike nini? Nikiandika pande zote mbili nitakosa tena."

Nikamwambia aandike pande zote mbili, na chini aongeze mstari mmoja kwamba mzizi wa muhogo hauoni jua. Ameandika. Madaftari hayajarudishwa.

Walimu wa baiolojia mnaosoma hapa, hebu tuambieni mnalifundishaje hili jedwali. Na wadau wa kanda ya ziwa na wa kusini, kwenu muhogo mchungu mnauloweka siku ngapi, na mnajuaje kwamba sasa umeiva?